Anayefungua ndiye afunge

Wiki jana nilikaa ofisini Ngong Road hadi usiku, mvua ikinyesha, nikitafuta kwa nini programu inayosoma vipima joto vya chumba baridi cha parachichi inakufa ghafla. Kwenye kompyuta yangu ilienda vizuri. Kwenye ile ya ghalani, Industrial Area, haikumaliza dakika kumi. Maktaba ya vipima joto, yaani msimbo wa kuvisoma, imeandikwa kwa lugha ya C, nasi tunaiita kutoka lugha ya Python kwa ctypes, moduli ya Python ya kuita fanksheni za C.

Kosa lilikuwa mstari ambao hatukuuandika. Usipoiambia ctypes fanksheni inarudisha nini, inachukulia ni int, yaani biti 32. Anwani za kumbukumbu kwenye mashine zetu ni biti 64. Nusu ya juu inakatwa, kisha C inatumwa kwenye anwani isiyokuwepo. Anwani ikitokea kuwa ndogo unaponea chupuchupu, ndiyo maana kwangu ilikubali. Niliandika restype, inayotaja fanksheni inarudisha nini, na argtypes pia, inayotaja inapokea nini, kwa sababu hiyo ya pili ikisahaulika namba hukatwa tena wakati wa kurudi C.

Hilo lilirekebishika. Linaloniuma ni jinsi tunavyoandika klasi zenyewe. Tunachukua pointa, yaani anwani ya kitu cha C kwenye kumbukumbu, tunaivisha klasi ya Python yenye jina zuri, halafu kazi ya kuachilia kumbukumbu tunaitupia `__del__`, mbinu ambayo Python huiita kitu kinapoondolewa. Python haiahidi kuiita `__del__` kwa vitu vilivyobaki hai programu inapofungwa. Kukopa harusi, kulipa matanga. Kuna na mpangilio wa kufunga: kwenye SQLite, hifadhidata iliyoandikwa kwa C, ukiita sqlite3_close kabla ya kumaliza maulizo uliyoyaandaa, inakataa na kurudisha kosa la SQLITE_BUSY. Anayetumia klasi yako hapaswi kuyabeba hayo kichwani. Yabebe wewe.

Kwangu mimi, klasi inayoshika kitu cha C bila mbinu ya close na bila kukubali `with`, inayokifunga yenyewe kazi ikiisha, haijakamilika, hata ikipita majaribio yote. Kitu cha ndani, kama ulizo la SQLite, kimshike mzazi wake, asiondolewe mapema. weakref.finalize, iliyokuja na Python 3.4 na inayosajili kazi ya kusafisha kitu kinapoondolewa, iwe akiba tu. Na baada ya close, pointa iwe None, yaani tupu, kila mbinu iikague kabla ya kugusa C.

Ukaguzi huo wengi huuona kama uzito wa bure. Lakini juzi kijana aliye mafunzoni kwetu alisoma kipima joto baada ya kukifunga. Hakupata "Segmentation fault", programu kufa kwa kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa, na ukimya. Alipata "Kifaa kimeshafungwa" na namba ya mstari, akarekebisha mwenyewe kabla ya chai ya saa nne.