Uvimbe wa shingoni usiouma ndio wa kuogopa

"Hauumi, mwanangu, utaisha wenyewe." Miezi mitano baba mdogo alinijibu hivyo, huku akivuta kola ya shati ifunike kinundu kilichokuwa chini ya taya. Zahanati ya kwanza alipewa dozi ya amoksilini. Ya pili akapewa dozi nyingine kali zaidi. Kote huko hakuna aliyemwambia afungue mdomo amtazame koo.

Hapo ndipo ninapokasirika. Tezi iliyovimba pamoja na mafua au jino bovu kwa kawaida huuma, kisha hunywea. Lakini mtu mzima akikaa na uvimbe zaidi ya wiki mbili, mgumu, usiosogea ukiuminya, au unaozidi sentimita 1.5, dozi ya kubahatisha inampotezea muda tu. Mwongozo wa mwaka 2017 wa madaktari wa koo, pua na masikio wa Marekani unasema wazi kwamba antibaiotiki si za kumpa kila mwenye uvimbe, bali mwenye dalili za maambukizi ya bakteria. Huenda ni saratani iliyoanzia kooni au mdomoni, hasa kwa mvutaji sigara aliyepita miaka 40. Sauti iliyokwama, chakula kisichopita vizuri na sikio linalouma upande mmoja bila ugonjwa wa sikio ni mambo ya kumweleza daktari hata kama hajauliza. Huenda pia ni rovu, yaani kuvimba kwa tezi ya mbele ya shingo; hilo hupanda na kushuka ukimeza mate.

Kipimo chenyewe ni sindano nyembamba inayovuta chembe kidogo zikapimwe maabara. Ni dakika chache, na hakuna kulazwa. Baba mdogo aliikwepa kwa sababu mtaani walimwambia uvimbe ukichomwa ugonjwa unasambaa mwilini. Natamani kila mhudumu angeitoa hofu hiyo kabla hata ya kuulizwa, maana imewachelewesha wengi.

Mwishowe alikubali kuchomwa, na majibu yalikuwa kifua kikuu cha tezi, yaani kilichoshika tezi za shingoni badala ya mapafu. Hakuwa amekohoa hata siku moja! Dawa alipewa bure, za miezi sita. Mwezi wa pili uvimbe ukaongezeka tena kidogo, akataka kuziacha. Nikarudi naye kliniki, wakamweleza kuwa hilo hutokea hata dawa zikiwa zinafanya kazi, akaendelea kuzimeza.