Kusi, kadi nane na handikapu ya mchezaji wa Malindi

Mchezaji wa Malindi akipanda Nairobi na kurudi na zawadi, maneno hayakawii: handikapu yake, yaani mikwaju anayopunguziwa kulingana na uwezo wake, imefugwa, maana yake imekuzwa kwa makusudi. Wenyeji wa klabu za Muthaiga au Karen huitazama kadi yake, wanaona mtu mwenye handikapu 20 amecheza kama wa 15, na hukumu inatoka kabla hata ya chakula cha jioni. Siku hizi baadhi yao wanataka kamati za mashindano ziwakate mikwaju wageni wote kutoka viwanja vidogo vya pwani. Pendekezo hilo linastahili kupimwa, kwa sababu linagusa namna gofu ya ridhaa inavyotawaliwa nchi nzima.

Tuanze na haki ya wanaolalamika. Kufuga handikapu kupo. Mfumo wa Handikapu wa Dunia, unaosimamiwa na R&A na USGA, vyama vinavyotunga sheria za gofu duniani, tangu 2020, unamwamini mchezaji kuwasilisha kadi zake mwenyewe, mradi tu amecheza kwa sheria na mtu mwingine mmoja walau alikuwa naye. Katika klabu ndogo, huyo mtu mmoja ni jirani, na mara nyingi ndiye huyohuyo aliye kwenye kamati ya handikapu. Mfumo unachukua kadi 8 bora kati ya 20 za mwisho, kwa hiyo anayetaka kudanganya hahitaji kucheza vibaya kila siku. Inatosha afiche zile nzuri. Dawa ya hilo imo kwenye kanuni: kamati ya klabu inaweza kumshusha mchezaji, kuanzia mkwaju mmoja kwenda juu, baada ya kumwarifu na kumsikiliza. Kamati isiyothubutu kumfanyia hivyo rafiki yake haiwezi kulaumu upepo.

Hoja ya mwinuko, kwamba mgeni wa pwani hufaidika kwa kucheza juu, haina nguvu kama wanavyodhani wengi. Ni kweli mpira huruka mbali zaidi Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, kuliko Malindi ufukweni. Lakini wapimaji wa viwanja hulihesabu hilo. Uwanja ulio juu ya futi 2,000 hufanyiwa marekebisho ya urefu, na kipimo chake, yaani mikwaju anayotarajiwa kupiga mchezaji hodari, kinashuka kabla mgeni hajashusha begi garini. Tusimhesabie mtu faida moja mara mbili.

Kinachosahaulika ni kusi, upepo wa kusini.

Kipimo cha uwanja ni namba moja kwa mwaka mzima. Wapimaji hutembea kila shimo wakimfikiria mchezaji hodari wa kiume anayepiga yadi 250 kutoka kwenye tii na yadi 220 mkwaju wa pili, na wa kawaida anayepiga 200 na 170. Kisha hutia maanani mteremko, mpira unavyoviringika, kona, miti, mabanka na upepo uliozoeleka wa katikati ya msimu. Mahali penye msimu mmoja, namba hiyo inatosha. Pwani yetu ina misimu miwili inayopingana. Kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba upepo unatoka kusini, na kuanzia Desemba hadi Machi unatoka kaskazini mashariki. Katikati kuna tanga mbili, ambapo bahari inalala na bendera ya grini inaning'inia. Masika nayo yanaangukia mwanzoni mwa kusi, kwa hiyo kwenye wiki hizo za mwanzo mpira haupati msaada wa upepo wala hauviringiki, kwa maana feawei, ile njia ya nyasi fupi, imelowa. Ije Februari, ardhi imekauka na kuwa ngumu, na mkwaju uleule unaongeza yadi nyingi kwa kuviringika tu.

Mtu atasema mashimo ya kwenda na ya kurudi yanafidiana. Hayafidiani. Kwa makadirio yanayotumiwa na wachezaji wengi, upepo wa usoni hupunguza umbali wa mkwaju kwa asilimia moja kwa kila maili moja ya kasi kwa saa, ilhali wa mgongoni huongeza nusu yake tu. Chukua upepo wa kilomita 25 kwa saa, usio wa ajabu Malindi alasiri ya Julai. Mkwaju wa yadi 150 unaoukabili unatua kwenye yadi 127 hivi. Unaosukumwa nao unafika 162 hivi. Umepoteza 23, umepewa 12. Angalia pia mchezaji mwenyewe anavyofanya: anaona bendera iko mbali, anakaza mikono na fimbo ya chuma namba 7, mpira unazunguka kwa kasi zaidi kinyumenyume, unapanda, unasimama hewani na kuanguka kwenye mchanga mbele ya grini. Aliyezoea anachukua namba 5 na kupiga kwa upole, mpira ukipita chini. Mwenye handikapu 20 hulikumbuka hilo shimo la nne, shimo la saba keshasahau.

Sasa tufanye hesabu, kwa uwanja wa mfano wenye kipimo 69.0 na slopu 118, namba inayoonyesha uwanja unavyomlemea mchezaji wa kawaida kuliko hodari. Kanuni inasema: toa kipimo kwenye mikwaju, zidisha kwa 113, gawanya kwa slopu; jibu huitwa tofauti. Mchezaji wetu anapiga 87 siku ya tanga mbili: tofauti yake ni 17.2. Mwezi wa Julai, akicheza kwa ustadi uleule, anapiga 92: tofauti ni 22.0. Karibu mikwaju mitano imeongezeka, na hakuna aliyeiba.

Walioandika kanuni waliliona hilo, wakaweka hesabu ya hali ya uwanja. Kila siku mfumo hulinganisha kadi zilizoingia na zile zilizotarajiwa, na ukiona uwanja ulikuwa mgumu kupita kiasi, unatoa mkwaju mmoja, miwili au mitatu kabla ya kukokotoa. Ukiona ulikuwa rahisi, unaongeza mmoja. Kwa mfano wetu, marekebisho makubwa kabisa ya mitatu yangeshusha ile 22.0 hadi 19.2. Bado iko mikwaju miwili juu ya kadi ya siku tulivu, lakini angalau imesogea.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo haifanyiki bila kadi zisizopungua 8 za siku hiyo katika uwanja huo, kutoka kwa wachezaji wenye handikapu isiyozidi 36. Jumamosi ya mashindano, kadi nane ni kitu kidogo hata kwa klabu kama Malindi. Jumanne saa kumi jioni, watu wanne wakiwa uwanjani na wawili wao tu ndio wanaoandika kadi, hazipatikani. Marekebisho yanakuwa sifuri, kana kwamba bendera ilikuwa inaning'inia. Nairobi, uwanja mmoja hupokea kadi nyingi hata siku ya kazi. Yaani chombo kilichotengenezwa kuwalinda watu na upepo kinafanya kazi vizuri zaidi mahali pasipo na upepo.

Halafu liko dirisha la kadi 20, zile za mwisho zinazohesabiwa, na hapa ndipo pa kukaa. Mtu anayeandika kadi moja kwa wiki anamaliza kadi 20 ndani ya miezi mitano. Kusi hukaa karibu miezi mitano. Kwa hiyo ifikapo mwisho wa Septemba, kila kadi iliyo kwenye dirisha lake ni ya kusi, na zile 8 bora ni 8 bora za kusi. Kadi zake za Februari zimeshasukumwa nje. Anapopanda Nairobi mwezi wa Oktoba, anabeba handikapu ya kweli, iliyotokana na kadi za kweli, ila ni handikapu ya msimu uliokwisha. Mfumo una breki: handikapu ikipanda zaidi ya 3.0 juu ya ile ya chini kabisa ya siku 365 zilizopita, kinachozidi hugawanywa nusu, na ongezeko lote haliwezi kupita 5.0. Lakini aliyekuwa na 16.0 mwezi wa Machi na hesabu ya Septemba ikatoa 20.0, breki inamrudisha 19.5 tu. Nusu mkwaju.

Hapo anacheza Nairobi bila kusumbuliwa na upepo na kuandika tofauti ya 12.4. Hiyo ni zaidi ya 7.0 chini ya handikapu yake, na mfumo wenyewe, bila kamati yoyote kukaa, unamkata mkwaju mmoja wa ziada. Kamati ya mashindano nayo ikimkata kwa kuwa ni wa pwani, ameadhibiwa mara mbili kwa kosa la mwezi wa Julai.

Wako wanaojibu kwamba upepo ni sehemu ya uwanja, na kwamba Uskoti hucheza kwenye upepo tangu zamani bila kulalamika. Ni hoja nzuri, na ina jibu. Upepo wa St Andrews hubadilika siku kwa siku. Katika kadi 20 za mwenyeji wa huko zimo za dhoruba na za utulivu, na zile 8 bora huelekea kuwa za utulivu. Mfumo unajisawazisha wenyewe. Kusi haibadiliki siku kwa siku. Mabaharia waliokuwa wakirudi Arabuni na Bara Hindi kwa upepo huo waliutegemea kwa sababu hauyumbi, na ule uthabiti ndio unaoiharibu hesabu.

Kwa hiyo kukata wageni wa pwani kwa jumla ni kosa, na pia si lazima. Kamati ya Nairobi inayo haki ya kuweka kikomo cha handikapu kwenye mashindano yake, au kumtaka kila mshiriki, awe wa Kisumu au Malindi, awe na idadi fulani ya kadi za mwaka mzima. Hilo linamgusa anayefuga bila kumgusa mwenye kadi safi.

Shirikisho la taifa, lenye mamlaka juu ya vipimo, nalo lina kazi. Uwanja hupimwa upya angalau kila miaka 10. Wapimaji wakija Malindi mwezi wa Novemba watakuta tanga mbili, na wataandika walichokiona. Klabu iwakabidhi takwimu za upepo za mwezi kwa mwezi kutoka kituo cha hali ya hewa cha Malindi, ili upepo uliozoeleka usiwe ule wa wiki ya ziara.

Lakini lililo karibu zaidi linaweza kuanza wiki hii bila ruhusa ya mtu. Wachezaji wa siku za kazi wachague siku moja, tuseme Jumatano, wacheze wote siku hiyo badala ya kutawanyika wawili wawili Jumatatu hadi Ijumaa. Kila mmoja aandike kadi, wanawake na vijana wakiwemo, na kadi ziingizwe jioni hiyohiyo pale klabuni, kwa sababu mfumo hufunga hesabu ya siku usiku wa manane. Zikitimia nane, kusi itaingia kwenye hesabu.