Mwalimu wa Wodini Asiyeandikwa kwenye Rosta

Risala ya kumuaga muuguzi mkongwe wa wodi yetu ilisomwa yote mpaka mwisho, na sikusikia mahali palipotajwa kwamba mama huyu amefundisha watu kazi. Alishukuriwa kwa utumishi uliotukuka, kwa kuwahi zamu, kwa kuwapenda wagonjwa. Akapewa vitenge, jokofu na bahasha, tukapiga makofi. Anastaafu kwa umri, miaka 60 kama sheria inavyotaka, na kila kilichosemwa juu yake ni kweli tupu. Lakini wengi waliokaa ukumbini pale, madaktari wakiwemo, mikono yao imefundwa na yeye, na jambo hilo halikupata hata sentensi moja. Limenikera tangu siku hiyo.

Jina lake silitaji, hapendi kuandikwaandikwa. Kwetu wodi ya wazazi tunamwita Mama, na ukisema Mama hakuna anayeuliza yupi.

Ngoja niseme kazi yake yenyewe ilivyo, maana naona hata wakubwa wetu hawaijui. Ni usiku, leba. Mzazi amejifungua salama, kondo limetoka, tunajiandaa kumpeleka kitandani, mara damu inaanza kuchuruzika, kisha inakuja kwa nguvu. Zamuni kuna daktari mtarajali, yaani aliye bado kwenye mafunzo ya vitendo, kijana mzuri, hana muda mrefu tangu atoke chuoni. Ameagiza oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, imechomwa, damu bado inakuja. Sasa amesimama, mikono iko hewani, macho yanakwenda kwa mgonjwa yanarudi kwetu. Nje ya mlango mama mkwe wa mgonjwa anasikia kila neno. Mama akamsogelea kijana, akasema kwa sauti ileile anayoombea mkasi: "Daktari, kibofu kimejaa. Niweke katheta wewe ukiendelea kukanda mji wa mimba?"

Kijana akasema ndiyo, weka. Mkono ukarudi tumboni. Mkojo ukatoka mwingi kupitia mpira wa katheta, mji wa mimba ukaanza kujikaza chini ya kiganja chake, damu ikapungua.

Kila aliyesoma ukunga anajua kuwa kibofu kikijaa mji wa mimba haukazi vizuri. Kijana naye alikuwa amelisoma, ila saa ile lilikuwa limemtoka. Mama alimrudishia kwa njia ya kuomba ruhusa, ili mgonjwa aendelee kumwamini daktari wake, mama mkwe asipige yowe, na kijana kesho aweze kuingia wodini akiwa ameinua kichwa. Kulipopambazuka, wakati wanaandika faili, ndipo alipomuuliza: "Nisingekuwepo ungetafuta nini, na kwa mpangilio gani?" Akamsubiri. Kijana akataja mwenyewe: mji wa mimba uliolegea, mchaniko, mabaki ya kondo, damu isiyoganda. Alipokwama kwenye la tatu hakumtajia, alimsogezea faili asome alivyoandika kuhusu kondo.

Nauliza, kazi hiyo imeandikwa wapi? Kwenye rosta ya mwezi, yaani ratiba ya zamu, jina lake lilikuwa kama langu: asubuhi, jioni, usiku, mapumziko. Wagonjwa wake ni idadi ileile. Juu ya hao anao wanafunzi wa vyuo vya uuguzi, anao watarajali, anao waajiriwa wapya, na anao vijana wanaojitolea, waliomaliza chuo na leseni wanayo lakini ajira hawana, wanakuja kila siku kwa nauli zao. Wote hao wanamuuliza yeye. Anawajibu akiwa amesimama, akiwa anapima presha, akiwa anakula wali wake wa saa tisa uliopoa. Kwenye tathmini za utendaji tunajaza wagonjwa tuliowahudumia na vikao tulivyohudhuria. Sijamwona aliyejaza kuwa mwezi huu nimemfundisha mtu kuweka kanula, kile kimrija cha dripu mshipani, kwa mtoto aliyeishiwa maji bila kumchoma mara nne, na angejaza sijui nani angempa alama.

Najua nitaambiwa mafunzo yapo, semina zipo. Zipo, nami nimekwenda. Lakini tujikumbushe ya Haydom, kule Mbulu, maana ni ya hapahapa nyumbani. Mwaka 2010 wahudumu wa hospitali ile walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua baada ya kuzaliwa. Watafiti walipowapima kwa mwanasesere wa mazoezi miezi kadhaa baadaye, walikuwa wanafanya vizuri kuliko mwanzo. Walipoangalia kwa watoto halisi, palepale leba, utendaji haukuwa umebadilika. Kisha wakabadili utaratibu: mazoezi mafupi ya dakika chache, kila wiki, mwanasesere akiwa hukohuko wodini, na wenzao wa palepale wakiwasimamia. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mafunzo yalikuwa yaleyale. Kilichoongezeka ni mazoezi ya mara kwa mara na mtu wa karibu wa kukusahihisha.

Mtu huyo wa karibu ndiye tuliyemuaga kwa jokofu.

Nchi imefanya jambo kubwa kwenye uzazi, na mimi ni miongoni mwa wanaojivunia. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulitupa vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukatupa 104. Tumeyashukuru majengo, vyumba vya upasuaji kwenye vituo vya afya, magari ya kubebea wagonjwa, na yanastahili. Ila chumba cha upasuaji hakimfundishi mtu kutambua kwa macho kwamba mzazi anayesema anasikia baridi na kutaka maji kila dakika anaelekea kubaya. Hilo nililijua kwa Mama. Alinishika kiwiko akaniambia, "Mwanangu, usisubiri mashine ikwambie, mtazame midomo."

Kuna jingine ambalo hata sisi tulionufaika nalo hatulisemi. Akifa mzazi, hospitali inaitisha kikao cha mapitio ya kifo. Kikao hicho kimekusudiwa kutafuta pengo liko wapi ili lizibwe. Ndivyo miongozo inavyosema, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini aliyewahi kukaa pale akiwa ndiye aliyekuwa zamuni anajua jinsi chumba kizima kinavyomgeukia. Mwenzangu mmoja, muuguzi mwenye mwaka wake wa kwanza kazini, alipita hapo. Usiku wa tukio Mama alimtoa wodini, akamkalisha kwenye chumba cha chai, akamwambia kunywa kwanza, hatuongei. Siku iliyofuata, ambayo ilikuwa ya mapumziko yake, alikuja, wakapitia faili pamoja mstari kwa mstari: hapa uliita saa ngapi, hapa damu ya kumwongezea mgonjwa ilifika saa ngapi. Kikaoni alikaa kiti cha pembeni yake. Mganga mmoja alipopandisha sauti, Mama akasema, "Tufuate muda ulioandikwa kwenye faili, tafadhali." Pengo likaonekana: damu ilichelewa kufika kutoka maabara. Yule binti yuko kazini mpaka leo, na ni mkunga hodari. Wangapi wameacha kazi hii kimyakimya kwa kukosa mtu wa kukaa pembeni yao?

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba si kila mkongwe ni kama yeye. Wapo wanaoficha ujuzi ili waonekane wa lazima. Wapo wanaomfokea mwanafunzi mbele ya mgonjwa, na lugha wanayotumia kwa wanafunzi ndiyo wanayotumia kwa wazazi. Wananchi wanaotulalamikia hawatusingizii. Miaka kazini peke yake haimfanyi mtu mwalimu. Ndiyo maana nasema wenye kipawa hiki watambuliwe kwa majina, wapimwe kwa wale waliowafundisha, wasiachwe wachanganywe na wengine.

Na mfumo wetu wa vyeo una kasoro ambayo haitajwi sana. Muuguzi akiwa bora, anapandishwa. Akipandishwa, anaondolewa kwa mgonjwa, anapewa ofisi, anahesabu mashuka na kujibu barua. Mama alikataa ufawidhi, yaani usimamizi, wa wodi, akabaki kitandani kwa mgonjwa, na watu wakadhani hana malengo. Kila 12 Mei tunawasha mishumaa, tunakula kiapo upya, tunamkumbuka Florence Nightingale aliyezaliwa siku hiyo mwaka 1820. Aliwahudumia majeruhi wa vita, kisha mwaka 1860 akaanzisha shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas, London. Kufundisha wengine alikuhesabu kuwa ndani ya kazi yenyewe.

Ninachotaka si kikubwa. Kila wodi iwe na mwalimu mmoja wa wodini, aliyeteuliwa kwa barua, mwenye posho inayojulikana. Apandishwe cheo bila kulazimishwa kuhamia ofisini. Anayestaafu naye, kama afya inaruhusu na anataka, apewe mkataba arudi asubuhi chache kwa wiki kufundisha tu. Tunawalipa wawezeshaji watoke mbali waje na slaidi. Huyu anakaa mtaa wa pili kutoka getini.

Hayo yanahitaji wizara na bajeti, sawa. Lipo moja linalohitaji kalamu tu. Rosta ya mwezi ujao bado haijabandikwa. Wodi yetu ina sista mmoja aliyekaa na Mama muda mrefu kuliko sisi sote, na watarajali wapya wameshaanza kumfuatafuata kwa maswali. Mfawidhi ampe saa mbili kila Jumatano asubuhi, saa tatu hadi saa tano, asigawiwe mgonjwa, na mbele ya jina lake iandikwe: anafundisha.