Cheti sawa, lakini glavu ananunua nani?

Naunga mkono hoja ya makala yenu kwamba wasusi na vinyozi waliojifunzia mtaani wapimwe na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, wapewe vyeti. Utaratibu wa kurasimisha ujuzi upo. Ila suala la afya mmelipitia juujuu mno.

Dawa nyingi za kulainisha nywele zina kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni. Mteja anapakwa, anaoshwa, anaondoka zake. Msusi anaishika kutwa. Piko nayo ina PPD, kemikali ya rangi inayodhuru ngozi, ndiyo maana utakuta mafundi vidole vimepasuka na vinawasha. Baadhi ya dawa za keratini zikipigwa pasi ya moto hutoa mvuke wa formaldehaidi, kemikali inayosababisha saratani. Na hayo yote ndani ya fremu isiyo na dirisha, mlango umefungwa eti AC isipotee! Shirika la utafiti wa saratani la WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, limeweka kazi ya ususi na unyozi kwenye kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Mwulize mwenye saluni sasa: "Huyu simwajiri, anakodi kiti tu." Basi glavu anunue mwenyewe, na akiugua, fidia hana.

Mwandishi, tuulizie VETA: huyo fundi wa mtaani akipimwa, anaulizwa chochote kuhusu kemikali, au anatazamwa mistari ya twende kilioni tu?