Ziara ya Meli au Miguu Yako Mwenyewe: Hesabu ya Abiria Anayeshuka Mombasa na Unguja kwa Saa Chache

Meli ya kitalii inapofunga gatini Kilindini, bandari ya Mombasa, alfajiri, abiria wake huwa na saa nane au tisa hivi za kuuona mji ambao huenda asiuone tena maishani mwake. Mbele yake zipo njia mbili. Anaweza kununua ziara inayouzwa ndani ya meli, akapanda basi linalomngoja gatini pamoja na wenzake arubaini, na jioni akarudishwa mpaka ngazi ya meli. Au anaweza kushuka mwenyewe, akatafuta gari na mwenyeji wa kumwongoza, na akaipanga siku yake kwa kadiri ya hamu na nguvu zake. Swali la njia ipi ni bora huonekana kuwa la mgeni peke yake, lakini linatugusa sisi wa mwambao moja kwa moja, kwa sababu uchaguzi wake ndio unaoamua kama atapita mbele ya muuza madafu akiwa nyuma ya kioo cha basi au atasimama anunue.

Tuanze na hoja nzito kuliko zote zinazotetea ziara ya meli, nayo ni hoja ya kungojwa. Kikundi kilichonunua ziara ndani ya meli kikichelewa kwa sababu ya foleni au gari kuharibika, kwa kawaida meli hukingoja, na isipoweza kukingoja kampuni hugharimia kuwafikisha abiria hao bandari inayofuata. Aliyetoka mwenyewe hana ahadi hiyo. Mwezi Machi 2024 meli ya Norwegian Dawn iliondoka São Tomé ikiwaacha kisiwani abiria wanane waliokuwa katika ziara ya kibinafsi iliyochelewa kurudi. Walinzi wa pwani waliwapeleka kwa boti hadi ilipokuwa meli, lakini hawakupandishwa. Ikawabidi wasafiri nchi baada ya nchi. Walipofika Gambia, meli ikashindwa kutua huko kutokana na hali ya bahari, na hatimaye wakaipata Dakar, Senegal. Kwa msafiri mwenye umri mkubwa, au mwenye dawa zilizobaki chumbani melini, siku kama hizo ni hatari ya kweli.

Hata hivyo, kungojwa ni jambo moja na usalama ni jambo jingine, na hapa ndipo watetezi wa ziara za meli hupitiliza. Tarehe 9 Desemba 2019, volkano ya Whakaari nchini New Zealand ililipuka wakati watu 47 walipokuwa kisiwani. Watu 38 kati yao walikuwa wametoka katika meli ya Ovation of the Seas kwa ziara iliyouzwa melini. Watu 22 walipoteza maisha. Sitaji msiba huo ili kumtisha mtu. Nautaja kwa sababu watu wengi hudhani kwamba kitu kilichouzwa kwenye kaunta ya meli kimepimwa hatari zake zote, ilhali mara nyingi meli ni muuzaji tu wa huduma ya kampuni ya nchi kavu. Abiria anayenunua ziara hiyo bado ana wajibu wa kuuliza anakokwenda, anakwenda na nani, na kitatokea nini mambo yakiharibika.

Bei nayo ina maneno yake. Ziara ya meli huwa ghali kuliko ile ile inayopangwa na mtu moja kwa moja na kampuni ya mjini, kwa kuwa meli hujiwekea sehemu yake kabla ya kuilipa kampuni hiyo. Anacholipia abiria katika tofauti hiyo ni ile ahadi ya kungojwa, pamoja na kurudishiwa fedha zake endapo meli itashindwa kutua bandarini. Familia ya watu wanne inayokodi gari lake hutumia kidogo, na inakaa inapopapenda badala ya kukimbizwa. Lakini familia hiyo ikiwa imelipa fedha zote mapema na meli ikaipita bandari kwa sababu ya mawimbi, kuzidai fedha hizo ni kazi nyingine. Ndiyo maana ni busara kutafuta kampuni inayokubali kulipwa siku yenyewe, au inayopokea kianzio kidogo tu.

Kwa maoni yangu, ubishi huu hauwezi kumalizika kwa kuzungumzia usalama na bei kwa jumla. Unamalizika pale mtu anapoitazama ramani na kujiuliza: kati ya gati na kile ninachotaka kukiona pana nini? Mombasa ni mfano mzuri kwa sababu ina majibu mawili yanayopingana.

Ukibaki kisiwani, kila kitu kiko karibu. Kutoka Kilindini hadi Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, ni safari fupi ya tuktuk ambayo haivuki daraja wala kivuko. Ukitoka ngomeni unaingia Mji wa Kale kwa miguu, ukapita milango ya nakshi na roshani za mbao, ukafika Bandari ya Kale yalikotia nanga majahazi kwa karne nyingi, kisha ukageukia soko la Marikiti kwa viungo na Barabara ya Biashara kwa leso. Njaa ikikushika, viazi karai na ukwaju viko kando ya njia, na anayevumilia mpaka mchana atapata pilau au biriani. Mambo yakiharibika kabisa, tuktuk ikazima na simu ikaisha chaji, mtu mzima mwenye afya bado anaweza kurudi bandarini kwa miguu. Kumfungia mtu kama huyo ndani ya basi la watu arubaini, ambalo haliwezi kupenya vichochoro vya Mji wa Kale na huwashusha abiria wake kwa dakika za kuhesabu, ni kumnyima kile alichokivukia bahari.

Ukitoka kisiwani hesabu hubadilika. Lango la Bachuma la Hifadhi ya Tsavo Mashariki liko takriban kilomita 100 kutoka Mombasa, na barabara ya kwenda huko ndiyo hiyo hiyo inayobeba malori ya makontena kutoka bandarini kwenda Nairobi na Uganda. Lori moja likilala njiani Mazeras au Mariakani, magari yaliyo nyuma yake yanaweza kukosa pa kupita, na dereva hodari kuliko wote wa Pwani hana la kufanya isipokuwa kuzima injini. Aidha, ada za kuingia hifadhi zilizo chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hulipwa kwa njia ya mtandao, wala si kwa noti langoni, kwa hiyo mgeni asiye na intaneti na aliyekodi gari lisilo la kampuni ya utalii anaweza kufika langoni na kukwama. Magofu ya Gede, yaliyoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, nayo yapo mbali kaskazini, baada ya foleni ya Mtwapa na mji wa Kilifi. Diani iko karibu kwa kilomita, lakini anayepitia kivuko cha Likoni huutegemea msururu wa magari ya feri, na msururu huo hautabiriki. Kwa safari za namna hii, ninamshauri mgeni wa meli anunue ziara ya meli bila kujutia bei. Wapo wenzangu katika biashara ya utalii ambao hawatapenda kusikia hivyo, kwa kuwa wao huwapeleka wageni Tsavo na kuwarudisha kwa wakati mwaka hadi mwaka, na ninaiheshimu kazi yao. Lakini ustadi wa dereva hauondoi lori lililolala barabarani.

Unguja haina haja ya maneno mengi. Bandari ya Malindi imepakana na Mji Mkongwe wenyewe, ambao ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kwa hatua chache mtu amefika Forodhani na Ngome Kongwe. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na kwa hiyo asitegemee kuliona kama lilivyo katika picha za zamani. Soko la Darajani na kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, vyote hufikiwa kwa miguu. Sioni sababu ya kununua ziara ya meli kwa ajili ya Mji Mkongwe. Kwa kisiwa cha Changuu chenye kobe wakubwa ningesita kidogo, kwa kuwa bahari iko katikati na upepo wa mchana unaweza kuichelewesha boti. Anayekwenda huko mwenyewe na aende asubuhi.

Lipo jambo moja ambalo vitabu vya wageni hulitaja kwa nadra na ambalo sisi tunalifahamu tangu utotoni: saa zetu. Mgeni akimwambia dereva kwa Kiingereza kwamba anataka kurudi saa nne, akimaanisha saa kumi ya alasiri, dereva aliyezoea watalii hubadilisha hesabu hiyo bila kufikiri. Dereva asiyewazoea, au anayezungumza na mgeni aliyejifunza maneno machache ya Kiswahili kutoka kwenye kijitabu, anaweza kuelewa vingine kabisa, maana kwake siku huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Dawa yake ni rahisi. Mgeni na dereva waitazame saa moja ya mkononi na kuoneshana mishale itakapokuwa, kwa sababu uso wa saa ni ule ule, kinachotofautiana ni usomaji wake.

Pia kuna saa ya meli. Kenya na Tanzania zina saa moja, lakini Shelisheli na Mauritius zimetangulia kwa saa nzima. Meli inayotoka Shelisheli kuja Mombasa inaweza kuamua kuiacha saa yake kama ilivyo, wakati simu ya abiria hujirekebisha yenyewe inaponasa mtandao wa Kenya. Tangazo likisema abiria wote wawe ndani saa kumi kwa saa ya meli, simu ya abiria huyo wakati huo itaonesha saa tisa, na anayeitegemea simu atafika gatini akiwa amechelewa kwa saa nzima huku akiamini amewahi. Kabla ya kuteremka ngazi, aulize saa ya meli na aiweke katika saa ya mkononi isiyojibadilisha.

Upo upande wa wenyeji ambao nao una haki ya kupimwa. Wapo Unguja na Mombasa wanaosema afadhali wageni waje kwa makundi yenye kiongozi, kwa sababu mgeni anayetangatanga hupita mbele ya msikiti akiwa na nguo za ufukweni, hupiga picha za watu barazani bila idhini, na mwezi wa Ramadhani hula njiani bila kujua kwamba anawakosea watu. Malalamiko hayo ni ya kweli. Mimi mwenyewe nimeona wazee wa mtaa wakigeuza nyuso kwa aibu ambayo haikuwa yao. Lakini kundi kubwa nalo huziba kichochoro, huongea kwa kipaza sauti chini ya madirisha ya watu, na huondoka bila kununua hata kikombe cha kahawa, kwa kuwa chakula chao cha mchana kinawangoja melini. Mgeni mmoja mwenye shuka begani na mwenyeji pembeni yake huuchosha mtaa kidogo na huuachia riziki zaidi.

Neno mwenyeji hapa nimelitumia kwa makusudi. Kujitembeza mwenyewe si lazima kuwe kutembea peke yako. Kati ya ziara ya meli na upweke ipo njia ya kukodi mwongozaji mwenye leseni, aliye na kitambulisho chake, anayeujua mlango wa nani ni wa nani. Mapapasi wa Unguja, yaani waongozaji wasio rasmi wanaomzunguka mgeni anapotoka bandarini, hawana ubaya wote wanaosingiziwa, na baadhi yao wanaufahamu mji vizuri, lakini hawana pa kuulizwa baada ya tatizo. Mgeni akipanga na mwongozaji siku kadhaa kabla, wakakubaliana bei ya siku nzima na mahali pa kukutana nje ya geti, hata hao mapapasi humwacha kwa amani.

Mpango wa siku ukishapatikana, wengi huukosea kwa kuanza na vitu vya karibu na kuviacha vya mbali kwa alasiri, wakati foleni zinaongezeka na nguvu zinapungua. Kwa Mombasa, atakaye kwenda hadi magofu ya Jumba la Mtwana kule Mtwapa na aende mara tu anaposhuka, wakati mji ndio kwanza unaamka, na ngome na leso aviweke mwisho. Kama meli inang'oa nanga saa kumi na moja jioni, basi ifikapo saa nane mchana awe amesharudi kisiwani, hata kama amebakiwa na saa mbili za kutembea. Saa mbili hizo zinatosha Mji wa Kale, na zikibaki dakika, ipo bustani ya Mama Ngina, kando ya mlango wa bahari wa Kilindini, ambapo mtu anaweza kuketi na dafu lake akizitazama meli zikipita kuelekea bandari ile ile inayomngoja.