Softweya ya chumba cha habari redioni: tununue au WhatsApp inatosha?

Redio nyingi hapa Dar zikipata mkuu wa habari mpya, au kafedha ka mradi fulani, mjadala unaoibuka ni uleule: tununue softweya ya chumba cha habari au tuendelee na magrupu ya WhatsApp, Word na flashi kama kawaida. Vijana wanaitaka. Wakongwe wa deski wanakuambia taarifa ya saa mbili usiku imesomwa miaka nenda rudi tangu enzi za taipureta na kanda za rili na haijawahi kukosa kwenda hewani eti kwa sababu hakuna softweya, na hapo wanasema kweli kabisa. Nimekaa dawati la uhariri muda wa kutosha kuzisikia hoja zote mbili mpaka nimezikariri, na ninavyoona zote zina uzito ila watu wanabishania jina la programu wakati tatizo lipo kwingine, tutafika huko.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini maana wapo wanaochanganya na ile programu ya studio inayopiga miziki na matangazo ya biashara, kina Jazler na RadioDJ, hiyo ni kitu kingine. Softweya ya chumba cha habari ni pale ambapo habari za mashirika kama Reuters na AFP zinaingia zenyewe, ripota anaandika stori na kuambatanisha sauti ya mhusika humohumo, mhariri anaifungua anaipitia anaipitisha, inapangwa kwenye mtiririko wa taarifa na programu inajumlisha dakika na sekunde, halafu msomaji anasoma kwenye skrini na sauti anaibonyeza palepale. Majina makubwa duniani ni ENPS ya Associated Press, iliyotengenezwa miaka ya 1990 kwa ajili ya BBC, iNEWS ya Avid, Dalet ya Wafaransa, Octopus ya kule Prague, na Burli ya Canada ambayo yenyewe imezaliwa redioni. Hilo la kuzaliwa redioni sio dogo jamani, nyingi ya hizi zimefikiriwa kwa ajili ya TV, kwahiyo redio unaweza kujikuta unalipia mambo ya kamera na maandishi ya kwenye kioo ambayo hutayagusa maisha.

Sasa tumtendee haki WhatsApp, maana anapondwa sana. Ripota wa Kigoma au Songea analipwa kwa stori, ana simu moja na bando la siku, hana ofisi wala kompyuta. Huyo huyo anakutumia maelezo matatu na sauti kabla mkuu wa wilaya hajapanda gari kuondoka eneo la tukio. Hajafundishwa na mtu, hakuna nywila ya kusahau, hakuna fundi wa kupigiwa simu. Kampuni za softweya nazo zinatoa programu za simu siku hizi ila mwambie mwakilishi wako wa Songea aingie kwenye mfumo, ajaze vichwa vya stori, achague kundi la habari, apakie faili, uone kama saa saba mchana utakuwa na stori. Atakutumia WhatsApp tu na wewe utaipokea, kwa sababu unaitaka.

Lile la ubora wa sauti nalo linatibika. Voisi noti inabanwa sana, dakika moja haifiki hata nusu MB wakati dakika moja ya WAV ya stirio, yaani faili la sauti lisilobanwa, ni kama MB 10, ndio maana ikienda hewani inasikika kama mtu anaongea ndani ya ndoo. Lakini ukimwambia ripota arekodi kwa kinasa sauti cha simu halafu atume faili kama dokumenti badala ya voisi noti, inafika kama ilivyo, na akiigeuza MP3 ya kbps 128 ni kama MB moja kwa dakika, bando linaivumilia. Hii ni elimu ya dakika tano na redio nyingi hazijawahi kuitoa.

WhatsApp inapokuangusha ni kwingine. Jengo lilipoporomoka Kariakoo, Novemba 16, 2024, idadi ya vifo na ya waliookolewa ilikuwa inabadilika kwa siku kadhaa, na redio yenye taarifa kila saa inatakiwa kila saa isome takwimu ya mwisho. Kwenye grupu hapo una ujumbe wa ripota wa eneo la tukio, marekebisho yake, mtu mwingine kafowadi ya chombo kingine, mhariri kaandika tumieni hii, haieleweki hii ipi, katikati wameingia watu watatu wanauliza zamu ya kesho ni ya nani. Msomaji kaprinti skripti dakika kumi kabla. Hapo ndipo redio moja inasoma takwimu mbili ndani ya saa moja na msikilizaji wa kwenye daladala anaona hawa jamaa hawajielewi. Kwenye mfumo stori ni moja, ukirekebisha imerekebishwa kwenye skrini ya studio pia, na ile ya zamani inabaki nyuma na jina la aliyeibadilisha na saa aliyobadilisha. Siku Kamati ya Maudhui ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikikuita kujibu sentensi iliyosomwa saa kumi na mbili asubuhi, utashukuru kujua ilipitia mikononi mwa nani, maana kwenye grupu mtu anafuta ujumbe wake na mchezo umeisha.

Halafu maktaba, na hapa nina hasira zangu. Kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam zenye hotuba za Mwalimu zipo mpaka leo kwa sababu kuna watu walikaa wakaziandika lebo na kuzipanga kwenye rafu. Sisi wenye simu za GB 256 hatuna klipu ya Machi. Ukitaka kumsikilizisha waziri ahadi yake mwenyewe ya mwaka juzi unaambiwa sauti ilikuwa kwenye simu ya fulani, fulani kahamia redio nyingine, simu kaibiwa Mbagala. Chumba cha habari kisichoweza kucheza sauti ya ahadi ya zamani kinabaki kusoma taarifa kwa vyombo vya habari, basi. Kwangu mimi kama kuna sababu moja ya kununua mfumo ni hii, na cha ajabu ndiyo ambayo haitajwi kwenye vikao, kinachotajwa ni mwonekano wa kisasa.

Haya, upande wa pili wa softweya yenyewe.

Hela. Nyingi unalipa kwa mwaka kwa idadi ya watumiaji, na bei iko kwa dola au yuro. Bajeti yako iko kwa shilingi, na 2024 tumeona dola inapita 2,700 kabla ya kushuka mwishoni mwa mwaka, sasa mkurugenzi aliyesaini mkataba wa miaka mitatu analala vipi. Wapo wanaosema tuchukue za bure zenye msimbo wazi (open source), mfano Superdesk ya Sourcefabric inayotumiwa na mashirika kama AAP la Australia na NTB la Norway. Ni mfumo mzuri, lakini hao ni mashirika ya habari yenye mafundi wa programu ndani ya jengo, na bure yake ni ya leseni tu, anayekuwekea seva, ile kompyuta kuu inayobeba mfumo, na kuihudumia analipwa kila mwezi, ukimkosa umebaki na kompyuta inayonguruma.

Intaneti na umeme ndiyo hoja ambayo watu wa WhatsApp wanaipenda, na wanaitumia vibaya. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika na Tanzania tukabaki na intaneti ya kubahatisha, na siku ya uchaguzi mkuu, Oktoba 29, 2025, intaneti ikazimwa nchini siku kadhaa. Wanasema unaona, mfumo wa kwenye wingu, yaani unaokaa kwenye seva za mbali na kufikiwa kwa intaneti, ungekufa. Ni kweli ungekufa, lakini si na WhatsApp ilikufa? Tena hizo ndizo siku ambazo watu wanairudia redio. Kinachobaki kinafanya kazi siku kama hiyo ni seva iliyopo ndani ya jengo na kompyuta zilizounganishwa kwa waya mpaka studio, ripota anapiga simu ya kawaida anasoma stori, unairekodi, unaiandika, inaenda hewani. Kwahiyo hoja ya intaneti inapiga kura dhidi ya wingu, haimpigii kura WhatsApp. Umeme pia hivyohivyo, walioshuhudia mgao wa mwishoni mwa 2023 wanajua jenereta huchukua sekunde kadhaa kuwaka, na seva isiyo na UPS, ile betri ya dharura, haikusubiri hizo sekunde.

Kuna jambo dogo ambalo wauzaji hawalijui kabisa kwa sababu hawasomi taarifa kwa Kiswahili. Programu inakadiria muda wa stori kwa kuhesabu maneno, na kawaida yake imepangwa kwa msomaji wa Kiingereza, kama maneno matatu kwa sekunde. Maneno yetu ni marefu, "hawatawafikisha" programu inaliona neno moja, na ukiandika kwa tarakimu kwamba bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115 nayo ni neno moja wakati msomaji anatamka elfu mbili mia moja na kumi na tano. Matokeo yake skrini inakuambia taarifa ni dakika tisa na nusu, msomaji anafika kumi na moja, michezo inakatwa, tangazo la mdhamini linaruka na idara ya mauzo inakuja juu. Dawa ni kupima kila msomaji wako kwa saa ya mkononi na kuingiza kasi yake, mifumo mingi inaruhusu, ila lazima mtu akae afanye. Na saa zetu nazo, kwenye mfumo taarifa ya saa mbili usiku ni 20:00, mwanafunzi wa fildi siku ya kwanza anaipanga 02:00 halafu anashangaa stori yake haipo.

Hao wanafunzi wa fildi ndio mtihani mwingine. Wanakuja, ukimaliza kuwafundisha wanaondoka, wanakuja wengine. Na kwa kuwa leseni zinahesabiwa kwa kichwa, redio zinafanya ujanja wa kutumia jina moja, wote wanaingia kama "news1" na nywila imebandikwa kwenye kioo cha kompyuta kwa selotepu. Sasa ile faida ya kujua nani kabadilisha nini imekufa siku hiyohiyo. Kuna pia namba za simu za vyanzo mle ndani, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kufanya kazi hilo sio suala la maadili peke yake, ni la kisheria, ingawa sijaona kikao cha habari kinachoanza na ajenda hiyo.

Nilisema tatizo lipo kwingine. Lipo kwa mhariri. Mimi nimeona redio, siitaji, imelipia mfumo mzuri tu, na baada ya miezi michache kila stori ilikuwa inakuja WhatsApp, mhariri anaisahihisha kwenye simu akiwa kwenye foleni ya Mwenge, anamtumia msomaji moja kwa moja, halafu kijana wa zamu anapewa kazi ya kukopi na kupesti kwenye mfumo usiku ili ripoti ya mwezi ionekane inatumika. Mfumo ulikuwa hauna kosa lolote. Bosi aliruhusu mlango wa pili, na watu wakapita huo kwa sababu ni mfupi.

Kwahiyo msimamo wangu, redio yenye maripota wanne watano na taarifa tatu kwa siku isinunue kitu. Iweke kompyuta moja ya kutunzia mafaili ndani ya jengo, diski mbili, folda kwa tarehe, jina la faili lianze na mwaka mwezi siku, kisha mada na jina la mhusika, Audacity ya bure kwa kukata sauti, na WhatsApp ibaki kuwa njia ya kuingilia tu. Mtu wa zamu anatoa kila kitu kwenye simu na kukiweka kwenye folda kabla hajaondoka, na skripti isiyokuwa kwenye folda haisomwi hata kama ni ya mkuu wa habari mwenyewe. Ukiona mmeweza hivyo miezi sita bila kusukumana, mfumo mtautumia vizuri. Mkishindwa folda mtashindwa na Burli.

Redio kubwa yenye taarifa kila saa na wawakilishi kila mkoa, hiyo naiambia inunue, na ichague yenye seva ya ndani. Muuzaji akija kuonesha, msimwache acheze slaidi zake za PowerPoint, chomoeni waya wa intaneti akiwa katikati ya kuongea mwone nini kinabaki. Mwambieni aoneshe sauti inavyotoka kwenye stori mpaka kwenye programu yenu ya studio bila mtu kubeba flashi, maana flashi ndiyo inayoleta virusi. Mwulizeni mkataba ukiisha mnatoaje stori na sauti zenu zote, kwa faili za aina gani, na kwa gharama ya nani, hata BBC walioagiza ENPS baadaye walihamia OpenMedia ya Annova ya Ujerumani, kuhama kupo. Na mhasibu aitwe kabla ya kusaini, kuna kodi ya zuio, inayokatwa kwenye malipo kabla hayajatumwa, ya asilimia 15 kwa kampuni isiyo mkazi wa Tanzania, na wauzaji wengi watataka wapokee hela yao kamili, kwahiyo hiyo 15 inakuwa juu yenu na haimo kwenye ile bei aliyowaonesha.