Kabla ya kuilaumu kadi, shika kipande cha waya

Themokapo, yaani kihisi cha joto cha waya mbili, ikionyesha digrii 4 zaidi, wengi wetu hufungua programu, huandika "toa 4", kisha huendelea na kazi. Funika kombe mwanaharamu apite. Nami nimeyafanya hayo, na kwa wiki nzima nilijiona fundi hodari. Vipimo vya asubuhi vikawa sawa, vya alasiri vikapotoka tena. Kadi ya kukusanyia data ilikuwa imefungwa ubavuni mwa kifaa cha umeme kilichozidi kupata moto kadiri saa zilivyokwenda.

Tunasahau kwamba themokapo haijui joto. Inajua tofauti ya joto tu. Waya zake mbili za metali tofauti huzaa volti kulingana na tofauti kati ya ncha iliyo tanurini na ncha iliyokazwa kwenye skrubu za kadi. Aina ya K, mojawapo ya aina za themokapo, hutoa takriban mikrovolti 41 kwa digrii moja. Ili ipate jibu, kadi hupima joto la skrubu zake kwa kihisi kidogo na kulijumlisha. Kihisi hicho kikidanganyika kwa digrii 4, jibu nalo hupotoka kwa karibu 4, hata kama themokapo ni mpya kabisa.

Ndiyo maana sikubali mtu aguse programu kabla ya kufanya jambo moja: atoe themokapo, aunganishe skrubu chanya na hasi kwa kipande kifupi cha waya wa shaba. Volti ni sifuri, kwa hiyo kadi inapaswa kuonyesha joto la skrubu zenyewe, yaani la chumba au juu yake kidogo. Ikionyesha hivyo, geukia waya. Ikionyesha 60, mpaka hapo themokapo haina kosa.

Mara nyingine kosa ni la mipangilio. Kadi ya biti 16 ukiiweka kwenye masafa ya volti 10 chanya na hasi, hatua yake moja, yaani badiliko dogo kabisa inaloweza kuonyesha, ni mikrovolti 305, zaidi ya digrii 7 za aina ya K. Usishangae joto likipanda kwa kurukaruka. Chagua milivolti 80, hatua inashuka hadi mikrovolti 2.4.

Upande wa waya, bana ncha kwa vidole. Namba ikishuka, umegeuza chanya na hasi, na hapo rangi huwaponza wengi: kwa kiwango cha Marekani, nyekundu ni hasi! Kosa baya zaidi ni kugeuza waya wa kurefushia pande zote mbili. Namba hupanda na kushuka vizuri tu, kumbe imepotoka kwa karibu mara mbili ya tofauti ya joto kati ya kadi na mahali waya huo unapoungana na themokapo. Ukirefusha kwa shaba ya kawaida, unapotoka kwa tofauti hiyo mara moja. Nimeona watu wakibadilisha kadi mbili kwa ajili ya mita chache za waya wa shaba.

Yote yakiwa sawa, tumbukiza ncha kwenye barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji, koroga, subiri. Themokapo ya K ya daraja la kwanza la usahihi inaruhusiwa kukosea digrii 1.5 hapo, bila kuhesabu kosa la kadi. Ikisoma 1.2, iache.